Jina Tulilowapa

Msomaji, yuko mtoto katika Nairobi ambaye jina lake hulijui, wala hujapata kuliuliza, kwa sababu umekwisha kumpa jingine. Wamwita chokoraa. Jina hilo latokana na kuchokora, yaani kufukua kwa kijiti au kidole. Na anachofukua yeye ni jaa. Tazama basi uonevu wetu: sisi tulitupa makombo, yeye akayatafuta kwa njaa, na jina baya likamwangukia mtafutaji badala ya mtupaji.

Wako wasemao kwamba watoto hawa wameyapenda wenyewe maisha ya njiani. Neno hili ni jepesi kinywani mwa mtu aliyelala kitandani. Nani apendaye kulala juu ya gunia kando ya Mto Nairobi mwezi wa Julai, baridi ikimkata mifupa? Mtoto hatoki nyumbani ila ametolewa: na kifo cha mzazi, au fimbo ya baba mlevi, au sufuria iliyokaa siku mbili bila ya kupanda mekoni. Gundi ya washona viatu aivutayo chupani, ambayo huwa ndiyo hoja yako ya kwanza unapomlaumu, haikumleta barabarani. Aliikuta huko, akafundishwa kwamba huliwaza tumbo tupu na kusahaulisha baridi. Kwamba yamharibu ubongo ni kweli. Lakini amwuziaye ni mtu mzima mwenye akili timamu, na sijasikia yeye akitungiwa jina la dhihaka.

Hesabu ya serikali ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 waishio barabarani katika Kenya, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi. Si watoto wote. Wamo na wazazi wanaolea huko huko.

Dawa ipendwayo sana ni gari la askari. Imetukia zaidi ya mara moja kwamba mji ukitarajia wageni wakubwa, watoto huzolewa, na barabara zikaitwa safi. Baada ya majuma machache wamerudi, maana nyumba iliyowatoa haikutengenezwa. Sheria ya uzururaji, tuliyorithi kwa wakoloni, ilifutwa mwaka 1997. Desturi yake ingali hai. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya lishe, makao, matibabu, na elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haikusema kila mtoto mwenye viatu.

Utaniuliza: mimi mwanafunzi, nisiye na fedha wala madaraka, nifanye nini? Shilingi utakayomtupia dirishani mwa matatu sikukatazi, ijapokuwa huenda ikaishia kwa muuza gundi. Ila neno chokoraa ni lako, na waweza kuliacha leo bila ya kungoja serikali. Ukimkuta tena kituoni, muulize jina alilopewa na mama yake. Atakushuku, maana mtu mwingine amwulizaye jina ni askari. Ngoja kidogo, umuulize tena.