Utamaduni Haukati Mshahara

Nimechoka na neno "utamaduni". Nasema mapema ili asiyependa ugomvi afunue kurasa za mashairi. Kila ukizuka mzozo kati ya kampuni ya Kichina na wafanyakazi wake hapa Dar es Salaam, haukosi kutokea msomi mmoja, tai shingoni, akatuambia ati chanzo ni tofauti za utamaduni. Mchina hajui kusalimia, Mswahili hajali saa. Basi iandaliwe semina: wageni wafundishwe "shikamoo", wenyeji wafundishwe kupokea kadi ya biashara kwa mikono miwili, tunywe soda, tutawanyike. Na mshahara uliokatwa je? Aa, huo haukuwamo kwenye ratiba.

Mie nasema kama mtu aliyeila riziki hiyo. Kwa mwaka mmoja na ushei nilikuwa mkalimani kwenye saiti moja ya ujenzi. Kampuni siitaji. Kichina nilikisoma jioni kwa miaka miwili, nikijidanganya kwamba nitakuwa daraja baina ya mataifa. Daraja nilikuwa kweli, maana nilikanyagwa na pande zote mbili.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Bosi anafoka: hawa ni wavivu, wanaiba muda wangu, waambie! Mie nageuka kwa mafundi: "Bosi anaomba tukaze mwendo kidogo, zege litashika." Fundi mmoja anajibu: mwambie alete na mama yake abebe ndoo. Mie nageuka tena: "Wanasema wamekuelewa, wanashukuru." Wote wanatabasamu. Wageni wa ofisini wakija walikuwa wakiisifu saiti yetu kwa maelewano. Maelewano yote yale yalikuwa uongo wangu, naulipwa kwa siku.

Sisemi tofauti hazipo. Zipo, na nyingine zilinichekesha. Baada ya chakula cha mchana mafundi wa Kichina walitandika maboksi wakalala, hata nusu saa, mtu na kofia yake usoni. Wetu walicheza drafti. Basi kila upande uliwaona wenzao wavivu! Bosi aliona salamu zetu za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za mgonjwa, kuwa ni wizi wa dakika. Halafu akajifunza "mambo", akamtupia mzee wetu wa nondo, mtu wa miaka sitini. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee akacheka, akamjibu "poa". Naye mzee Wachina walimwita "shifu", na ukilipima neno hilo utaona ni "fundi" letu hili hili, tena lenye heshima ndani yake. Miezi miwili haikwisha, yote yalikuwa yamejipanga. Hakuna aliyekuja kutufundisha. Watu wanaobeba mzigo mmoja huzoeana.

Kisichojipanga kilikuwa karatasi.

Mikataba ilikuja kwa Kichina na Kiingereza, kurasa nne. Nikaambiwa nisome ukurasa wa malipo tu, watu watie sahihi, muda unakwenda. Nikasoma ukurasa mmoja. Vibarua thelathini na kitu wakatia sahihi, wengine dole gumba. Sasa sikilizeni sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na kama mfanyakazi hayaelewi, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna atakayoielewa. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Ukurasa wa tatu, ule ambao sikuusoma kwa sauti, ulisema kwamba saa za ziada zimekwisha kuhesabiwa ndani ya mshahara.

Mwisho wa mwezi mzee aliniita pembeni. "Mwanangu, ile karatasi ulitusomea yote?"

Nikamjibu ndiyo, mzee.

Walipokwenda kulalamika, waliyemkuta ofisini si Mchina. Alikuwa Mtanzania mwenzetu, ofisa utumishi. Akawatolea ukurasa wa tatu, kisha akawafariji kwa lile neno: "Ndio utamaduni wao hawa, wamezoea kula uchungu, nanyi zoeeni." Kwa Kichina msemo huo upo kweli, kula uchungu, maana yake kuvumilia taabu. Lakini jamani, hata Wachina wenyewe unawasingizia! Sheria ya kazi ya China ya mwaka 1994 inataka saa za ziada zilipwe si chini ya asilimia 150 ya mshahara. Ni moja na nusu ile ile! Mchomeleaji mmoja wa Kichina, kijana wa rika langu, alinilalamikia saa zake za ziada kwa hasira kuliko mtu yeyote pale saitini. Huo utamaduni wa kufanya kazi bure bosi aliutoa wapi basi, ikiwa hata kwao ni kosa?

Wazee wetu wakisikia haya hukimbilia TAZARA. Wachina wale, wanasema, walikuwa na adabu. Sibishi. Walijenga reli kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo usio na riba, na kule Gongo la Mboto yapo makaburi yao zaidi ya sitini. Lakini semeni kweli: walichangamana nasi kiasi gani? Walikaa kwenye kambi zao, wakapika chakula chao. Mbona hakuna anayewalaumu kwa hilo? Kwa sababu wale walitumwa na serikali yao kujenga urafiki, na hawa wamekuja kutafuta faida kama mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo, mweusi, mweupe, wa bara au wa pwani. Wali wanaokula ni ule ule.

Kuna na kundi la pili nataka kugombana nalo, lile la "Wachina watoke". Mwaka 2011 serikali iliwataka wachuuzi wa kigeni waondoke Kariakoo. Julai 2025 ikatoka amri ya kuwakataza wasio raia aina 15 za biashara. Watu wakashangilia. Huenda machinga amepata nafuu, nami simnyimi. Ila amri hiyo haimtaji mgeni peke yake, inamgusa na raia anayemsaidia kuikiuka. Waliiandika hivyo kwa kuwa wanatujua. Mwenye fremu nani? Mwenye leseni ya bandia nani? Na pale saitini, aliyesoma ukurasa mmoja kati ya minne alikuwa nani?

Tena msiniambie Kiswahili ni kigumu. Redio ya Beijing inatangaza kwa Kiswahili tangu 1961. Mwaka 2011 TBC ilituonyesha tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake, Wachina watupu, wanagombana kwa Kiswahili fasaha jioni baada ya jioni, na mama yangu hakukosa hata siku moja. Ugomvi wote ule wa wakwe uliwezekana kutafsiriwa. Kurasa nne za mkataba ndizo zikashindikana? Nataka zisomwe zote, kwa Kiswahili, kwa sauti, kabla kalamu haijatoka mfukoni. Hayo mambo ya kadi kwa mikono miwili tutafundishana wenyewe wakati wa drafti.

Kazi niliacha. Nikakaa nyumbani nikaitafsiri ile karatasi yote, na siku moja nikampelekea mzee kwake Buguruni. Shikamoo, marahaba, chai ikaletwa. Aliniambia nisome, nikasoma. Nilipofika ukurasa wa tatu alininyamazisha kwa mkono, akataka niurudie. Nikaurudia. Nikamweleza kwamba mgogoro wa namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku sitini, na kwamba siku hizo zilikuwa zimepita.

Mzee alikunja karatasi, akaiweka chini ya kikombe. "Sasa mwanangu," aliniuliza, "kwa nini umeileta leo?"