Alfajiri ya 1 Agosti tuliwaita na askari



Katika nchi yetu 1 Agosti ni siku ya wazazi. Asubuhi ni ya wafu, mchana ni wa walio hai. Tunafyeka majani kwenye makaburi, kisha tunarudi kupika bukari na kuku kwa ajili ya baba na mama ambao Mungu bado anatuachia. Mwaka huu tulitoka mapema kuliko desturi. Saa kumi na moja tulikuwa njiani, majembe begani, kila mmoja na vikwembe viwili mwilini, maana baridi ya Lufira katika miezi hii haimhurumii mtu. Tulikuwa tumepatana kuanza na sala ya askari waliokufa vitani, kabla ya kila familia kwenda kwenye makaburi yake.

Baadhi yenu mliuliza: Koni kuna askari gani? Sisi tunajulikana kwa mashine za umeme, si kwa vita. Basi kaulizeni wazee nyumbani. Katika vita ya 1914-1918 Force Publique ilipigana hadi kuingia Tabora, 19 Septemba 1916. Nyuma ya askari walitembea wapagazi, zaidi ya 200,000, wamebeba vichwani chakula, risasi na vipande vya mizinga. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, homa ya mapafu, njaa na uchovu, wakaachwa kando ya njia. Ni wangapi kati yao wana kaburi lenye jina? Katika vita iliyofuata vijana wa Kongo walipelekwa mpaka Ethiopia, na huko Saio majenerali wa Italia wakasalimu amri mwezi wa saba 1941. Mwezi wa sita 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa, alimvisha nishani kaporali Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100, wa mwisho kubaki kati ya wapiganaji wale. Tulifurahi kwa ajili yake. Lakini mtu mmoja kuvishwa nishani baada ya miaka zaidi ya 75, sisi tunaona ni kuchelewa sana.

Tena kuna Likasi yenyewe. Septemba 1961, mji ukiwa bado unaitwa Jadotville, askari wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa walizingirwa siku tano na jeshi la Katanga. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Kwao waliwekewa jiwe la ukumbusho mwaka 2005, na filamu ilitengenezwa; watoto wetu wanaitazama kwenye simu. Waliokufa walikuwa wa upande wa pili, wengi wao watoto wa huku. Katika filamu ile wanaanguka mmoja baada ya mwingine, hakuna anayeitwa jina. Hatusemi nani alikuwa na haki mwaka ule, hilo bado linagombanisha watu mezani. Tunasema tu kwamba walikuwa na mama.

Ndiyo sababu sala yetu ilikuwa fupi na majina yalikuwa marefu. Katekista na mchungaji wa Kimetodisti walisimama pamoja, jambo ambalo hatulioni kila juma. Jua lilikuwa halijatoka, mishumaa ilikuwa inazimwa na upepo, na mama aliyeshika karatasi ilibidi asomewe njia kwa tochi ya simu. Kila jina likisomwa, tuliitika: yupo. Jina moja la mpagazi wa Tabora lililetwa na bibi ambaye alilipokea kwa nyanya yake. Zaidi ya jina hilo hana kitu kingine cha huyo mtu.

Halafu kuna jambo ambalo hatukuwa tumelipanga. Mwenzetu mmoja ana mume ambaye ni askari, alikwenda Kivu. Tangu siku zile Goma ilipotekwa, mwezi wa kwanza 2025, simu yake haiiti. Hakuna maiti, hakuna karatasi, hakuna aliyerudi kusema nilimwona. Amezunguka ofisi moja hadi nyingine na watoto mgongoni. Wakwe wanataka kilio kifanyike, avae kikwembe cha mjane, mambo yaishe. Mtu fulani kwa nia njema alikuwa amemwandikia mume wake kwenye orodha yetu. Alipoliona jina, mwenzetu alisema hapana, lisisomwe pamoja na wafu. Alingoja tukamaliza wote. Kisha akaliita yeye mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayemwita mume wake aje kula. Hatukujua tuitike nini. Tukanyamaza naye mpaka jua likatoka.

Tumelizungumza baadaye kwenye kikao, na tumekubaliana. Katika chama hiki hakuna mama atakayevalishwa ujane kabla ya habari kamili. Wakwe wake ni watu wa heshima. Wamama wakubwa watatu watakwenda kuongea nao, kwa upole, na hawatakwenda mikono mitupu. Na zamu ya kumsaidia shamba inaanza kabla ya mvua.

Kesho yake, 2 Agosti, nchi nzima ilikumbuka wote walioangamia katika vita zetu, kwa sababu siku hiyo, mwaka 1998, vita ya pili ilianza. Wengi wetu tulifuata kwa redio.

Sasa kuhusu majina. Daftari liko kwa mama mwekahazina, kila Jumapili baada ya ibada, hadi Noeli. Lete jina la askari au la mpagazi wa familia yako, alikokwenda, na nani alikusimulia. Kama unajua jina la ukoo tu, litaandikwa hivyo hivyo. Wenye wazee wa miaka 80 na zaidi nyumbani watangulie. Na walio kimya, wasiojulikana walipo, wana ukurasa wao peke yao.