Ndoana Haimalizi Mto

Wakulima wenzangu, mvua za masika zikianza na maji ya mto yakigeuka rangi ya udongo, wengi wetu tulio katika skimu hukumbuka kitoweo cha samaki. Hilo ni jambo jema. Samaki hujenga mwili wa mtoto, na mtu ambaye shamba lake limepakana na mto hana sababu ya kula mboga kavu mwaka mzima. Lakini ziko njia nyingi za kumtoa samaki majini, wala si zote zinazomfaa mkulima. Maoni yangu ni kwamba njia ya kutufaa sisi ni ndoana, na wakati wa mvua hasa, nyavu za kuziba mto na sumu zisionekane kabisa.

Kwa nini wakati wa mvua? Kwa sababu ndipo samaki wengi wa mtoni wanapozaa. Kambare huacha maji ya kina usiku, akaingia katika majani yaliyofunikwa na mafuriko, na huko hutaga mayai yanayonata kwenye majani. Jike mmoja mkubwa hutaga maelfu kwa maelfu. Mtu akiziba njia hiyo kwa wavu, hachukui samaki wa leo peke yake, bali na wa miaka ijayo. Sisi wakulima tunajua jina la tendo hilo: ni kula mahindi ya mbegu.

Tazameni yaliyompata ningu katika mto Nzoia. Ningu ni samaki wa Ziwa Victoria ambaye hupanda mito wakati wa mafuriko ili akazae. Watu wa kando ya Nzoia walimvua tangu zamani kwa ua wa miti na migono ya kusuka. Mwaka 1905 nyavu za kutega zililetwa ziwani, na katika miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni, ambazo hazionekani upesi na samaki wala haziozi. Zikatandazwa kwenye midomo ya mito, zikawanasa ningu wenye mayai kabla hawajapanda. Mwaka 1965 mtaalamu D. A. Cadwalladr aliandika katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki kwamba uvuvi wa ningu umeanguka, na njia za kienyeji za kumvua Nzoia zimeharibika pamoja nao. Tangu hapo ningu hajarudia wingi wake. Basi nyavu zilitegwa mdomoni, na watu wa juu wakakosa kitoweo. Mto hauna mpaka kama shamba: unalolitenda kwako humfikia jirani.

Wako watakaosema kwamba ndoana ni mchezo wa watoto, na kwamba dawa kidogo ikimwagwa mtoni hutoa gunia la samaki kwa saa moja. Ni kweli, hutoa gunia, lakini mara moja tu. Dawa nyingi za josho na za kunyunyizia mimea ni sumu kali kwa samaki, hata zikiwa kidogo sana. Huua wakubwa na wadogo, na wadudu wa majini ambao ndio chakula chao. Tena maji hayo hayo hunywewa na ng'ombe wa jirani, na mama wa chini huyateka kwa kupikia. Mtu wa namna hiyo si mvuvi. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 pia inakataza kuvua kwa sumu.

Ndoana, kwa upande wake, yataka akili kuliko nguvu. Chukua ufito, uzi wa nailoni, ndoana, na nati ya chuma iwe kizito. Usitupe katikati ya maji yanayokimbia, maana samaki hapendi kupigana na mkondo mchana kutwa. Hukaa pale maji ya kasi yanapopakana na maji yaliyotulia: nyuma ya jiwe kubwa, kando ya mti ulioanguka, au penye shimo kwenye kona ya mto. Tupa juu kidogo ya mahali hapo, uache mkondo ukisukume chambo polepole hadi kwake.

Kambare hutafuta chakula chini kwa sharubu zake, kwa hiyo kizito kiguse chini. Mvue jioni jua linapozama, au maji yanapoanza kuchafuka baada ya mvua. Nyungunyungu, kumbikumbi na utumbo wa kuku vyote humfaa. Fwani, yule wa magamba makubwa, hupenda maji yenye mawe, na huweza kuchukua donge la ugali mgumu. Ningu hula utelezi ulioota juu ya mawe, kwa hiyo ni nadra kuifuata ndoana. Mimi nahesabu hiyo kuwa sifa ya ndoana: humwacha apite akazae.

Ukimpata mdogo, lowesha mikono, mtoe taratibu, umrudishe. Na maji yakipanda ghafla, acheni uvuvi mwondoke ukingoni, hasa watoto.

Lakini mtu mmoja akivua kwa ndoana na jirani yake akatega wavu ng'ambo hadi ng'ambo, kazi ni bure. Ndiyo maana naomba jambo hili lifikishwe barazani kabla ya masika. Wakulima wa kila ukingo wapatane, wa juu na wa chini, kwamba miezi ya mvua mto hauzibwi, na mwenye kumwaga dawa hatafichwa hata akiwa ndugu. Na afisa wa samaki wa kaunti aitwe aeleze sheria na vibali.

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Wazazi wetu waliogawiwa mashamba haya katika miaka ya 1960 walipewa udongo pamoja na mto. Udongo tunautia mbolea kila msimu ili usichoke. Mto hautaki mbolea. Wataka tuuache upumue miezi michache tu.