Bomba moja, sheria mbili

Mwalimu mmoja wa Kiswahili anayefunza katika shule iliyopakana na Barabara ya Kangundo, hapa Njiru, alinialika niwazungumzie wanafunzi wake kuhusu matamshi. Nilifika mapema, nikaketi nyuma ya darasa huku yeye akisoma imla. Alipolifikia neno "dhana", gari la Subaru lilikuwa likipita barabarani. Dereva alikanyaga mafuta, na mngurumo ukaingia darasani kana kwamba hapakuwa na ukuta. Mwalimu alinyamaza, akangoja, akarudia. Kabla hajaimaliza sentensi, matatu nayo ikapita. Madaftari yalipokusanywa, wengi walikuwa wameandika "zana".

"Hiyo ni athari ya lugha ya mama, Daktari," aliniambia kwa masikitiko.

Sikumpinga mbele ya wanafunzi wake. Hata hivyo, huenda Kikamba na Kikuyu hulaumiwa bure mara nyingine. Sauti ya "dh" ni dhaifu mno. Hutokea ulimi ukigusa ncha za meno na pumzi ikapenya polepole. Kelele nzito, kama ile ya ekzosi, hufunika sauti hafifu kama hizi kwanza. Mwanafunzi husikia irabu vizuri, konsonanti akaikisia, na aghalabu hukisia ile aliyoizoea zaidi. Ndivyo "dhana" inavyogeuka "zana" na "thamani" ikawa "samani". Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unapendekeza kelele ya nje isizidi desibeli 35 ndani ya darasa wakati wa masomo. Sikuwa na chombo cha kupimia siku ile, lakini sidhani palihitajika chombo.

Ajabu ni kwamba magari ya kasi yanazidi kunyamaza kwingineko duniani. Barani Ulaya, kuanzia mwaka 2016, kanuni mpya za kelele ziliweka kiwango cha desibeli 72 kwa magari mengi madogo, kishushwe kwa hatua hadi 68, ilhali yenye nguvu nyingi yaliongezewa desibeli chache. Lakini kilichoyanyamazisha zaidi hakikuwa sheria ya kelele peke yake. Sheria za moshi ndizo zilizowalazimu watengenezaji, tangu mwaka 2017 na 2018, kuweka kichujio cha masizi katika magari mengi ya petroli, juu ya konvata iliyokuwamo tayari. Konvata ni kopo la chuma lenye vijitundu kama sega la nyuki, lililopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu ili ligeuze gesi za sumu. Mawimbi ya sauti nayo hayana njia nyingine ila kupenya katika vijitundu hivyo hivyo, na humo hupunguzwa makali. Wanunuzi walilalamika sana. Kampuni ya BMW ilikuwa imekwisha kupata dawa yake: katika M5 iliyotoka mwaka 2011, mlio wa injini huchezwa ndani ya gari kwa vipaza sauti. Mtu hununua gari la mamilioni, akasikilizishwa mngurumo kama asikilizaye redio!

Subaru yenyewe ina kisa chake. Mlio ule wa kudundadunda tunaoujua ulitokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu, hivi kwamba moshi wa mitungi minne haukufika mwishoni kwa mpangilio sawa. Kuanzia miaka ya 2000 kampuni ilianza kuyasawazisha katika miundo kadhaa, na mdundo ukafifia. Mwezi wa Machi 2022 ilitangaza kwamba WRX mpya haitakuwa na toleo la STI la injini ya petroli, ikitaja mabadiliko ya kanuni za mazingira.

Msomaji asinielewe vibaya. Siwadharau vijana wanaoupenda mlio huo. Nami nilikua nikiungojea. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Safari Rally akiendesha Impreza (jina lake na la mtaa huu vimelandana kwa bahati tu). Mwaka 1997 Colin McRae alishinda kwa gari la aina hiyo, na Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Kwa kizazi chetu mlio ule ulikuwa habari njema: ulimwengu mzima ulikuwa umekuja kushindana katika vumbi letu. Safari iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, haikupita mwaka kabla magari ya daraja la juu hayajatiwa mota za umeme, ambazo ziliendelea kutumika hadi mwaka 2024.

Kwa kuwa Kenya haikubali kuingiza magari yaliyozidi umri wa miaka minane, ukimya wa Japani na Ulaya ungepaswa kutufikia, japo kwa kuchelewa. Gari hushuka Mombasa likiwa na konvata yake. Halifiki mbali. Fundi mmoja wa huku Eastlands aliniuliza kama yangu bado ipo. Nilipomwambia ipo, alicheka: "Basi mwalimu, umefungia pesa chini ya gari." Zile metali tatu zina wanunuzi, na mwenye gari huambiwa kwamba injini "itapumua" vizuri zaidi. Zamani hoja hiyo ilikuwa na msingi, maana petroli yenye risasi huiharibu konvata. Lakini Kenya iliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa mwaka 2006. Sababu imekufa, mazoea yamebaki. Konvata hukatwa, bomba tupu likachomelewa mahali pake, na mara nyingi sailensa hufuata. Kwa msumeno huo mmoja gari hupata sauti na sumu kwa pamoja.

Sheria zetu, kwa upande wake, zimeyatenga mambo hayo mawili. Moshi una kanuni zake za mwaka 2006 na za ubora wa hewa. Kelele ina kanuni zake za mwaka 2009, ambazo zinakataza gari kutoa sauti kubwa isiyo ya kawaida, au kuzidi desibeli 84 linapoongeza mwendo. Mimi, kama mwanaisimu, hulitazama neno "kawaida" kwa mashaka. Njiru, ambako kila matatu hunguruma, kisicho cha kawaida ni kipi? Desibeli 84 zina maana iliyo wazi, ila zinahitaji kipimo, na sijapata kumwona askari wa barabarani mwenye kipimo hicho.

Hasara yake imewahi kupimwa. Mwaka 1975 huko New York, Arline Bronzaft na mwenzake walichapisha uchunguzi wa shule iliyokuwa kando ya reli ya juu. Watoto wa madarasa yaliyoelekea reli walikuwa nyuma katika kusoma, na wa darasa la sita walikaribia kuachwa mwaka mzima na wenzao wa upande wa pili wa jengo lilo hilo. Reli ilipowekewa mipira na madarasa yakapata dari za kumeza sauti, tofauti ilitoweka. Watoto walikuwa wale wale kwa akili, na walimu wale wale kwa bidii.

Kwa miaka mingi ukaguzi wa kila mwaka umewaangukia wenye matatu na malori. Mwaka 2025 NTSA ilitoa rasimu ya kanuni za kukagua pia magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne. Wengi waliipokea kama njia nyingine ya kuwatoza wananchi pesa, na hofu yao naielewa. Ningependa tu mkaguzi aanze kwa kuinama na kutazama kama konvata na sailensa zipo mahali pake. Kazi hiyo haihitaji kipimo cha desibeli wala cha gesi. Kurunzi na kioo kidogo vinatosha, na dakika tano.