Mchungaji, Umekunywa Vikombe Vingapi?



Wiki jana niliandika kwenye daftari kila nilichokula na kunywa. Jumamosi, siku ya kutembelea washirika, nilihesabu vikombe 5 vya chai, kila kimoja vijiko 3 vya sukari. Vijiko 15! Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite vijiko 12 hivi kwa siku, na 6 ni bora zaidi. Hapo sijataja soda, wala mandazi ya Mama Mchungaji (anisamehe).

Kila Ijumaa kwenye kesha nawawekea mikono wagonjwa wa sukari na presha. Naamini Mungu anaponya. Lakini kukipambazuka tunawapa hao hao chai iliyokolezwa sukari kwa sufuria. Hapo sisi viongozi tumekosea.

Danieli na wenzake waliomba wajaribiwe siku 10 kwa mboga na maji, kisha nyuso zao ziangaliwe. Walikubali kupimwa! Wewe unaogopa daftari?

Kuanzia kesha lijalo, sukari itawekwa kando, kila mtu ajitilie. Na mkinikaribisha nyumbani, tafadhali msione nimewadharau. Nipeni maji tu.