Mtoto Aliyesikiliza Hatua za Baba

Katika vilima vya Mibirizi, wilayani Rusizi, ambako wamisionari walifungua parokia mwaka 1903 na ambako aina moja ya kahawa ilipata jina lake, pombe ya ndizi si kitu cha aibu. Posa haiendi bila pombe, wala mgeni wa heshima haachwi akae na kiu. Aibu huanza pale fedha ya buni inapoishia kilabuni, au pale panapoingia kanyanga, ile gongo ambayo sheria ya Rwanda inaihesabu miongoni mwa dawa za kulevya, na baba akarudi usiku akiwa mtu mwingine.

Na utazamwe mfano wa mtoto wa nyumba kama hiyo. Hajui bado kusoma saa, lakini anajua kusoma hatua. Hatua za baba zikija sawasawa, watu watakula. Zikija zikiyumba, mama huzima taa, na mtoto huwashika wadogo zake mkono akawapeleka migombani mpaka kelele zitulie. Asubuhi hakuna anayeuliza. Shuleni husema baba anaumwa. Afikapo umri wa miaka kumi, yeye ndiye mzazi wa wadogo zake.

Mtoto huyo hukua, akaingia jeshini au polisi, na mara nyingi huwa askari mzuri. Ni mwepesi wa kuamka, hachelewi lindo, huiona hatari kabla ya wenzake. Pombe haigusi. Wakubwa wake humsifu. Lakini nyumbani, mke akichelewa sokoni nusu saa, humhoji kama mshukiwa. Sahani ikianguka, hufoka. Akitendewa wema, hungoja ubaya utakaofuata. Kisha jioni moja mwanawe anayecheza sebuleni anasikia buti uani, anakusanya vitu vyake na kwenda chumbani kimya. Hapo ndipo baba asiyekunywa anapotambua kwamba nyumbani kwake pia yumo mtoto anayesikiliza hatua.

Jambo hili si laana. Mwaka 1998 madaktari wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda pamoja na wenzao, walitangaza matokeo ya utafiti juu ya watu wazima zaidi ya 9,000. Karibu mmoja katika kila wanne alilelewa katika nyumba yenye mlevi au mtumiaji wa dawa za kulevya. Waliopata mateso ya aina nyingi utotoni ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuingia katika ulevi na huzuni kubwa ukubwani. Hata hivyo, hatari si hukumu, na wengi huponyoka.

Wengi hudhani kwamba kutokunywa ndiko kupona. La, hiyo ni nusu ya safari. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na maradhi ya nyumba ya mlevi hulelewa na ukimya. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuyataja yaliyotokea, kwa maneno ya kawaida, mbele ya mtu anayeaminika.

Hatua ya pili ni kuutua mzigo usio wake. Mtoto hakuuanzisha ulevi wa mzazi, wala asingeweza kuuzuia. Wako walioanza kwa anasa, na wako walioangukia humo kwa majonzi. Aprili 1994 Watutsi waliokimbilia parokia ya Mibirizi waliuawa, na katika nchi nzima baadhi ya waliobaki bila watu wao waliutafuta usingizi katika pombe. Kukijua chanzo humsaidia mtu amwelewe mzazi wake. Hakumlazimishi kusema kwamba yeye hakuumia. Na ikiwa mzee angali akinywa, apelekewe unga, sabuni na dawa badala ya fedha. Huko si kumtupa.

Mahali pa kusemea papo. Huko Byumba, kaskazini mwa Rwanda, mwaka 2005 vilianzishwa vikundi vya Mvura Nkuvure, maana yake «niponye nami nikuponye». Watu kati ya kumi na kumi na watano hukutana kila wiki, kwa wiki kumi na tano, kila mmoja akisema na kusikilizwa. Hospitali za wilaya, na ya Mibirizi ni mojawapo, hupokea pia wagonjwa wa moyo na akili. Askari aliyevunjika mguu haoni haya kwenda kwa mganga wa kikosi. Basi asione haya kwa jeraha hili.

Lakini kazi kubwa imo mlangoni pa nyumba. Baba akirudi na uchungu wa kazini, na asimame kidogo uani, avute pumzi, kisha aingie na kusema wazi: «Leo nimechoka, kosa si lako.» Hayo ndiyo maneno ambayo yeye mwenyewe hakuambiwa. Siku ya kwanza mtoto hataamini, na pengine hata ya kumi. Ayarudie. Siku moja buti zitasikika uani, na mtoto ataendelea kucheza.