Semina Peke Yake Haimpiki Fundi, Wala Kiongozi

Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na wiki chache baadaye ikafika Dodoma. Shirika la reli lililozoea reli yenye upana wa mita moja, ambayo kwenye njia hii Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, sasa lina treni za kasi ya hadi kilomita 160 kwa saa.

Mageuzi ya namna hii hubadilisha watu kabla ya kubadilisha ratiba. Fundi aliyezoea kuitambua hitilafu ya injini ya dizeli kwa sikio hulazimika kuisoma kwenye skrini. Msimamizi aliyepanda cheo kwa kuijua mashine kuliko wote karakanani huanza kuongoza vijana wanaoijua mpya kumzidi. Asipofundishwa namna ya kuongoza wanaomzidi ujuzi, atawabana ili alinde heshima yake.

Taasisi nyingi, za umma na binafsi, hulitibu tatizo hili kwa semina: siku mbili hotelini, chai ya saa nne, posho, picha ya pamoja na cheti. Jumatatu kila mtu anarudi kwenye meza yake na kazi inaendelea vilevile. Semina ina kazi yake, hasa sheria au mfumo mpya unapoanza kutumika. Lakini ujuzi wa mikono na busara ya kuamua hujengeka kazini, chini ya macho ya anayejua.

Fedha nazo si kwamba hazipo. Tanzania Bara, mwajiri binafsi mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, SDL, ambayo Julai 2023 iliwekwa kuwa asilimia 3.5 ya mishahara yote. Kwa miaka mingi waajiri wamelalamika kwamba sehemu kubwa ya tozo hiyo haifiki VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Kenya, mwajiri hulipa shilingi 50 tu kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na akishafundisha watu wake anaweza kuomba NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, imrudishie gharama. Kiasi ni kidogo, ila kanuni yake ni nzuri: anayefundisha hapotezi.

Kanuni hiyo ndiyo inayojibu hofu ya waajiri wengi, kwamba ukimfundisha kijana atahamia kwa jirani. Hofu hiyo ina msingi, kwani wapo wanaongoja wenzao wafundishe, kisha wapandishe dau. Tozo ikimrudia anayefundisha, anayengoja naye atakuwa amechangia. Sharti liwe moja: malipo yafuate ujuzi uliopimwa kazini. Tukilipia mahudhurio, tutakuwa tumezifadhili semina zilezile.

Upande wa uongozi, dawa haihitaji hata tozo. Fomu za tathmini zimuulize kila mkuu wa idara: ni nani umemwandaa, na anaweza kufanya nini leo ambacho mwaka jana hakukiweza? Bosi ambaye ofisi yake husimama akienda likizo asisifiwe kuwa ni mtu muhimu. Ameshindwa kazi, na asipandishwe cheo mpaka awe na wa kumwachia kiti.